Alama ya Uhai

Kandarasi alikula kama mtu anayekagua mali yake, na kwa kweli alikuwa anaikagua. Meza ilikuwa yake, viti vilikuwa vyake, na nyumba nzima, kuanzia msingi hadi bati, aliijenga yeye na kumwachia mdogo wake akae bila kodi. Jambo hilo halikusemwa. Lilionekana kwa jinsi alivyoingia bila kubisha hodi, akavua viatu katikati ya njia na kukaa kwenye kiti cha baba mwenye nyumba, huku baba mwenye nyumba akihamia kwenye kigoda bila kuambiwa.

Mke wa mdogo wake, ambaye kazini walimwita Dada Seva kwa sababu ndiye aliyezitunza seva za hospitali, alimtazama akichokonoa meno kwa kona ya kadi yake ya benki. Alipomaliza aliifuta kadi kwenye kitambaa cha meza.

"Shemeji," alisema Kandarasi, "nasikia unanibania."

Mama mkwe alicheka kabla hajajua kama ni utani. Mume naye akacheka. Watu bado walimwita Mwalimu, ingawa alishaacha kufundisha na sasa alisimamia duka la kaka yake la misumari na rangi. Kicheko chake kilikuwa na tabia ya kuanza pale cha kaka yake kilipoanza na kukoma kilipokoma.

"Sijakubania, shemeji. Nimesema usubiri."

"Kusubiri ndiko kubania kwa watu waliosoma."

Wakacheka tena. Dada Seva alikusanya sahani. Alikuwa amekwisha kulieleza jambo hili kazini, kwa mdomo na kwa maandishi, na sasa alilieleza tena mbele ya mabaki ya chakula, polepole, kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kueleza mambo.

Hospitali ilikuwa na orodha moja ya wafanyakazi wake wote, tangu daktari bingwa hadi mfagizi. Orodha hiyo ndiyo iliyofungua mageti, kabati za dawa, mashine za mahudhurio na, mwezi ukiisha, mshahara. Haikukaa mahali pamoja. Ilikaa kwenye seva tatu: moja katika jengo la utawala, moja kwenye geti la nyuma wanakopita madobi, wapishi, wafagizi na wauguzi wa zamu, na moja kwenye tawi la upande wa pili wa mji. Kila seva ilikuwa na nakala kamili, na kila moja iliwapasha wenzake habari. Jina likibadilishwa hapa, muda si mrefu limebadilika na kule. Hiyo ndiyo faida yake, maana moja ikiungua wagonjwa hawatajua. Hatari yake ni hiyohiyo: seva hupashana uongo kwa bidii ileile ya kupashana ukweli.

Kampuni ya Kandarasi ilikuwa imeiuzia hospitali programu jalizi, programu ndogo inayopachikwa juu ya seva ili kuipa kazi ambayo haikuzaliwa nayo. Kazi ya hii ilikuwa kuwasaka wafanyakazi hewa. Kila mtu aliyehakikiwa aliwekewa kwenye jina lake kitu kilichoitwa alama ya uhai. Jina lisilo na alama lilifungwa papo hapo. Ili kuipokea alama hiyo, seva zote tatu zilihitaji toleo jipya, na hadi Jumamosi hiyo ni ya utawala tu iliyokuwa nalo. Ile ya tawi Dada Seva alikuwa ameitoa kwenye mzunguko Ijumaa, haisemi na wenzake wala haisikii, ili aihudumie Jumatatu. Ya geti la nyuma ilikuwa bado ya zamani.

"Seva ya zamani haina mahali pa kuiweka alama," alisema. "Mtu akipita geti la nyuma, jina lake linarudi utawala bila alama. Ukiiwasha programu yako leo, itamwona ni hewa. Itamfunga. Na kufunga, hata seva ya zamani inakuelewa vizuri sana. Namaliza zote tatu kwanza, programu ikiwa imelala, halafu ndiyo tunaiwasha."

"Lini?"

"Mwisho wa wiki ijayo."

"Bodi inakuja Jumanne. Mwenyekiti anataka aone idadi kwenye kioo. Hewa waliokamatwa, namba kubwa, nyekundu." Kandarasi alichora namba hewani kwa kidole chenye mafuta. "Bila hiyo namba silipwi, shemeji. Na mimi nisipolipwa..."

Hakumaliza. Alitazama dari, akatazama dirisha jipya la vioo, akatazama mlango. Mama mkwe alifuata macho ya mwanawe kila yalipokwenda, kama mtu anayeonyeshwa ramani.

"Mwanangu," mama mkwe alimwambia Dada Seva kwa upole, "mwenye nguvu mpishe."

*

Mkuu wa idara alikuwa ameshampisha mapema zaidi. Ijumaa ile, Dada Seva alipompelekea maelezo yake, alimkuta akila karanga na kupuliza maganda juu ya meza, mengine yakatua kwenye karatasi zake. Mkuu alisema anamwelewa kabisa. Alisema yeye mwenyewe ni mtaalamu, na mtaalamu havuki mto kabla hajaupima kina.

"Kwa hiyo tusiwashe?"

"Mimi sijasema msiwashe."

"Tuwashe?"

"Sijasema muwashe. Nimesema ikiwa imewaka Jumanne, itapendeza." Alitafuna. "Sikuamrishi, dada. Nakuachia utaalamu wako."

Alimwomba aandike hayo. Mkuu alifuta mikono kwenye suruali, akasema kalamu haina wino, na kalamu tano zilikuwa zimesimama kwenye kikombe mbele yake. Wanaume wa namna hii Dada Seva alikuwa amewatumikia maisha yake yote ya kazi. Hawakumkasirisha. Walimtia kinyaa, kama nywele kwenye sabuni.

Ni mkuu huyo huyo aliyeamuru, wakati wa kuipachika programu hiyo, kwamba mafundi wa Kandarasi wapewe akaunti ya Dada Seva na nywila yake, eti wasisumbuke kuomba ruhusa. Alipokataa aliambiwa anaringa. Akaitoa, lakini akaweka kizuizi cha pili: yeyote atakayeingia kwa akaunti hiyo, simu ya Dada Seva italia na kuuliza, Kubali au Kataa. Bila Kubali, mlango haufunguki. Aliona ametosheka na kufuli hilo, kwa sababu simu ilikuwa mkononi mwake na mkono ulikuwa wake.

*

Jumapili mchana alikuwa uani, mikono imezama kwenye beseni la nguo. Simu aliiacha sebuleni ikichajiwa. Aliisikia ikilia mara moja, ikanyamaza. Alipotoka kuanika shuka, Mwalimu alikuja mlangoni na glasi ya maji, akamnywesha mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

"Nani alikuwa anapiga?"

"Hakuna. Ilikuwa inapiga kelele tu, nimeituliza."

Akamshika bega. Akasema amechoka sana siku hizi, kazi itamuua, na yeye Mwalimu anaiona thamani yake hata kama hasemi. Dada Seva aliyanywa maneno yale pamoja na maji. Baadaye, alipokumbuka jinsi alivyoyafurahia, aliona haya kuliko alivyoona kwa mengine yote.

*

Jumatatu asubuhi alizisikia kelele kabla hajafika. Geti la nyuma lilikuwa limeziba. Madobi, wapishi na wauguzi walikuwa wamesongamana mbele ya mashine ya mahudhurio, na kila aliyeweka kidole aliambiwa na mashine, kwa sauti ileile ya adabu, kwamba mtumishi huyu hayupo.

"Mimi hapa sipo?" dobi mmoja mzee alimuuliza mlinzi. Kidole gumba chake kilikuwa kimeliwa na sabuni mpaka mashine humsoma kwa shida hata siku njema.

"Mashine inasema haupo, mama."

"Na wewe unasemaje? Jana tumesalimiana."

"Mimi nimeajiriwa na geti. Mashine ndiyo imeajiriwa na hospitali."

Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika, kwa sababu muuguzi alitoka wodini akikimbia. Kabati la dawa lilikuwa limekataa kufunguka kwa kila aliyejaribu. Watu wenye mamlaka nalo wote walikuwa hewa. Kulikuwa na mgonjwa aliyehitaji sindano, na daktari alikuwa anavunja kabati kwa chuma cha kitanda.

Dada Seva aliingia chumba cha seva bila kuvua mkoba. Chumba kilikuwa na baridi kali, na ndoo ilikingwa chini ya kiyoyozi kilichovuja. Hakuhitaji muda mrefu. Programu jalizi ilikuwa macho tangu Jumapili mchana. Kila aliyepita geti la nyuma tangu hapo, jina lake lilikuwa limerudi utawala bila alama, likafungwa, na habari ya kufungwa ikapelekwa kwa bidii hadi geti la nyuma lenyewe.

Kisha aliipitia orodha ya waliosalia. Aliyefika kazini ndiye aliyefungwa. Ambaye hakufika alibaki salama. Na wale ambao hawakuwahi kufika hata siku moja, majina yenye vyeo na mishahara ambayo hakuna wodi iliyowahi kuyaona, walikuwa wamekaa palepale na alama zao za uhai zinang'aa. Fomu zao ziliingizwa utawala na watu wa Kandarasi wenyewe, na hakuna geti lililowahi kuwagusa. Programu ya kusaka hewa ilikuwa imewafukuza walio hai na kuwaacha hewa peke yao hospitalini.

Aliizima. Kisha, akiwa palepale, akaigeukia ile seva ya tawi, aliyoitoa kwenye mzunguko Ijumaa. Kwa kuwa haikusikia lolote, haikudanganywa. Ilikuwa bado inawajua watu wote. Akaifanya iwe chanzo, akaziamuru nyingine mbili zisahau zinachokijua na kujifunza upya kutoka kwayo. Ni kazi ya kukaa na kutazama, na wakati anatazama, mkuu wa idara alisimama nyuma yake akihema.

"Namba ilikuwa imefika ngapi?" aliuliza mkuu.

"Namba gani?"

"Ya hewa. Kwenye kioo. Kabla hujaizima."

Dada Seva aligeuka akamtazama. Mkuu alikuwa anauliza kwa dhati. Alikuwa na karatasi mkononi, na safari hii kalamu yake ilikuwa na wino.

Mageti yalianza kuwatambua watu kabla ya adhuhuri. Mgonjwa wa sindano alipona, na kabati lililovunjwa likaandikwa kuwa uharibifu uliofanywa na wauguzi. Ndipo Dada Seva alipotafuta nani aliyefungua mlango. Kumbukumbu zilisema: akaunti yake, kutoka kompyuta ya ofisi ya Kandarasi, ruhusa imetolewa kwa simu yake, Jumapili mchana. Alikaa akiyatazama maneno hayo. Alikumbuka sabuni mikononi, na glasi ya maji.

*

Mwalimu hakukana. Alikiri upesi, karibu kwa fahari, kama mtoto aliyetumwa na mkubwa.

"Kaka alinipigia akasema itakuja ikiulizia, wewe bonyeza kijani. Ningefanyaje?"

"Ungeniita. Nilikuwa uani."

"Ungekataa."

"Ndiyo."

"Basi." Alinyanyua mabega, akiona hoja imejifunga yenyewe.

Kikao cha familia kilikaa jioni hiyohiyo, kabla jua halijazama. Kandarasi alikuja na boksi la simu mpya, akaliweka mezani mbele ya shemeji yake. Kesho, alisema, kamati ya hospitali itamwita. Jambo ni jepesi. Aseme ni yeye aliyebonyeza, kwa uchovu, kwa kupitiwa. Mkuu wa idara ameshaahidi, itakuwa barua ya onyo tu, baada ya muda inatupwa. Hii simu ya zamani aiache nyumbani, wasije wakaiomba.

"Kwa nini asiseme aliyebonyeza?" aliuliza Dada Seva.

"Kwa sababu aliyebonyeza ni ndugu yangu wa damu. Wakijua hilo, tenda imekufa. Wewe ni mwajiriwa, wewe unakosea kila siku, ndiyo kazi. Mimi nikikosea mara moja, tunalala nje sote."

Mama mkwe aliingia na methali yake. Mchuma janga hula na wa kwao. Dada Seva akamwambia, kwa heshima zote, kwamba hilo janga hakulichuma yeye.

"Lakini umekula, mwanangu," alisema mama mkwe. "Miaka yote umekula."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alikuwa ameshafungua boksi na kuitoa simu mpya, akiigeuza huku na huku, akiuliza kaka yake kama kamera yake ni ile ya kisasa. Dada Seva aliviangalia vidole vya mumewe juu ya kioo. Alivifahamu vidole vile vizuri, na aliona asingependa vimguse tena.

*

Kamati ilikuwa ya watu watatu: mtawala wa hospitali, ofisa utumishi, na mkuu wa idara, ambaye hakuona ajabu yoyote kuwemo. Chumba kilinuka zulia lililoloa. Mtawala alimkaribisha kwa ukunjufu, akamwita binti yangu, akasema hapa hatutafuti mchawi. Walichotaka ni maelezo mafupi.

Alikuwa amejipanga kusema mambo kwa mfuatano wake. Alisema akaunti ni yake, na aliitoa kwa amri ya mkuu wa idara aliyekaa pale. Alisema simu ni yake. Alisema aliyebonyeza ni mume wake, kwa kuombwa na kaka yake, mwenye kampuni iliyouza programu. Alisema majina yaliyosalia salama baada ya programu kuwaka yafaa kutafutiwa wenyewe, maana ni mengi na hayana sura. Akaweka simu ya zamani mezani.

Mtawala alimtazama ofisa utumishi, ambaye alikuwa hajaandika neno. Mkuu wa idara aliitazama simu kana kwamba ni panya aliyefia mezani.

"Binti yangu," alisema mtawala, "mambo ya chumbani hatuyaandiki."

"Hayakutokea chumbani. Yalitokea sebuleni, na yamefunga kabati la dawa."

"Tuandike uzembe katika utunzaji wa simu. Hapo umelindwa."

"Sitatia saini hapo."

"Unajua unakaa nyumba ya nani?"

Aliuliza kwa upole wa kweli, wa mzazi. Ni hapo Dada Seva alipofahamu kwamba mtawala naye alikuwa ameshakaa kwenye kile kiti, akala kwenye ile meza, pengine akafuta mdomo kwa kitambaa kilekile. Aliisukuma simu karibu naye zaidi.

"Najua. Andikeni nilivyosema. Msiponiamini, andikeni pia kwamba hamkuniamini."

Waliandika, kwa sababu alikataa kuondoka kwenye kiti hadi waandike, na kwa sababu mwenyekiti wa bodi alikuwa tayari ukumbini, akisubiri kuonyeshwa namba nyekundu ambayo haikuwepo. Uzinduzi uliahirishwa. Dada Seva aliambiwa akae pembeni wakati uchunguzi ukiendelea, na alijua maana ya kuendelea. Alikabidhi funguo za chumba cha seva kwa mkuu, akamkumbusha amwage ndoo. Seva ya geti la nyuma, alisema, bado ni ya zamani, asiiwashe programu. Mkuu aliitikia kwa kichwa, akitazama kwingine.

Alitokea geti la nyuma. Yule dobi mzee alikuwa anaingia zamu. Aliweka gumba lake lililoliwa kwenye mashine, akangoja, akaliweka tena. Mashine ikamkubali, naye akapita bila kumtambua Dada Seva, maana hakuwa na sababu ya kumjua.

*

Habari zilikuwa zimemtangulia nyumbani. Kandarasi alikuwa amesimama barazani akiongea na simu, na alipomwona alikata, akamwambia sentensi moja tu: fadhila ya punda ni mashuzi. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango, ule mlango wake.

Vitu vilikuwa nje, vimepangwa ukutani. Dada Seva alidhani ni vya wote wawili. Alitafuta viatu vya mumewe, hakuviona. Alitafuta redio yake, haikuwepo. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda akikunja kanga ya mwisho, kona kwa kona, kwa uangalifu.

"Mwanao yuko wapi, mama?"

"Yupo ndani." Mama mkwe hakuinua uso. "Usimwite. Amevitoa mwenyewe, sasa anaona haya."

Alichuchumaa akaanza kukagua, kwa kuwa kukagua ndiko alikokujua. Nguo zake zilikuwepo zote. Vyeti vyake vilikuwepo, ndani ya mfuko wa plastiki. Sufuria mbili alizozinunua yeye zilikuwepo, na ya tatu, aliyoileta mama mkwe, haikuwepo. Pasi ilikuwepo, kwa sababu ni yeye aliyeinunua. Shuka za kitanda chao, alizozilipia kwa mshahara wake wa kwanza, zilikuwa zimetanduliwa na kukunjwa, bado zina mkunjo wa usiku uliopita. Katika kikombe kulikuwa na vijiko vyake, vimetengwa na vya nyumba, na mswaki wake ulikuwa umefungwa kwenye karatasi safi ili usipate vumbi.

Alivirudia mara ya pili, kimoja kimoja. Hakikukosekana kitu, wala hakikuingia cha mtu mwingine. Tangu amfahamu, hii ilikuwa kazi ya kwanza ambayo mumewe aliifanya hadi mwisho bila kukosea.